Bima ya Sandukuni

Maximilla hatembei na karatasi ya bima ya pikapu yake. Ameifunga kwenye nailoni na kuiweka sandukuni, nyumbani Kasulu, pamoja na cheti chake cha uraia. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, na vyeti vyote vya baba vikasombwa na Mto Malagarasi. Tangu hapo, kwao karatasi ya maana haitoki nje.

Wiki iliyopita, akitoka Titye na magunia ya maharage, trafiki alimsimamisha.

“Mama, bima iko wapi?”

“Iko nyumbani, afande. Huku barabarani itapotea.”

Trafiki alicheka, akaingiza namba ya gari kwenye simu yake. “Ninaiona. Ni hai mpaka Desemba. Nenda, mama.”

Maximilla hakuondoka. “Kumbe gari linaaminiwa bila karatasi?”

“Siku hizi ndivyo, mama.”

Akawasha gari kwa hasira. Ameishi hapa miaka hamsini na kitu, na bado kila ofisi humwambia alete cheti, tena halisi, si kopi. Pikapu imeingia nchini mwaka jana, kutoka Japani.