Ng'ombe wa Shangazi Waliogeuka Gitaa

Nilisugua gitaa la marehemu baba kwa waya wa sufuria. Ndiyo, ule ule wa kubandulia ugali ulioganda. Nasema mapema ili usiendelee kusoma ukidhani haya ni maneno ya mtu mwenye akili.

Kichwani mwa gitaa, pale nyuzi zinapokazwa, palikuwa na herufi ambazo uchafu wa miaka ulikuwa umezigeuza rangi ya chai. Nilijiunga na kundi moja la simu la wapenda magitaa ya zamani, nikawauliza letu ni la aina gani. Wakaniomba picha ya zile herufi. "Piga karibu, kaka, isomeke." Nikaona aibu kuwatumia uchafu. Nikachukua karai, sabuni na ule waya. Uchafu ulitoka vizuri sana. Herufi nazo zikatoka pamoja nao, na nilipogutuka nilikuwa natazama ubao mtupu unaong'aa kama kipara cha mzee wa kanisa.

Nikatuma picha hiyo hiyo. Mmoja wao akaandika: "Pole kwa msiba."

Utasema gitaa kuukuu la umeme, lisilo na hata spika, linaloning'inia ukutani juu ya televisheni, si la kumpandisha mtu presha. Humjui shangazi yangu.

Kwetu, ng'ombe wa mahari ya binti humsaidia kaka yake kuoa. Shangazi alipoolewa Muhoroni na ng'ombe wakaletwa, babu alimkabidhi baba: haya, sasa tafuta mke. Baba akawaswaga hadi soko la Awasi, akarudi baada ya siku kadhaa bila ng'ombe, bila mke, na gitaa jekundu begani. Nyumba yenyewe haikuwa na umeme. Babu hakumsemesha mpaka mvua zikaisha. Aliyemtetea ni shangazi peke yake. Alisema kama ng'ombe wake wamegeuka gitaa, basi gitaa ndilo ng'ombe wake, na asiliuze mtu wala kuligawa bila yeye kuambiwa. Mpaka leo akipiga simu, anasalimia watu kwanza, halafu anauliza: "Na ng'ombe wangu hawajambo?"

Safari hii hakuuliza hivyo. Macho yake yanafifia, na daktari amemwambia la kushoto halirudi tena. "Nakuja Jumapili baada ya kanisa," alisema. "Nataka kuwashika ng'ombe wangu nikiwa bado najua mtu na mti. Na unihakikishie ni wale wenyewe. Hawa watoto wangu wamenicheka vya kutosha."

Nikajua anasema nini. Bendi ya baba ilikuwa na magitaa mawili, yote mekundu, yote ya duka moja. Ilipovunjika kwa ugomvi, vyombo vilikuwa vimefungiwa nyumbani kwa mpigaji mwenzake, na baba alikwenda kuchukua lake mbiombio kabla ngumi hazijaanza. Wana wa shangazi wanashikilia kwamba alibeba lisilo lake, na kwamba mama yao amezeeka akijivunia ng'ombe wa wenyewe.

"Nakumbuka la baba yako lilikuwa na maandishi ya dhahabu," shangazi alimalizia. "La yule mwingine yalikuwa meupe. Utayaona tu."

Nikaangalia karai. Nilikuwa nimeshamwaga maji.

Dhahabu au nyeupe? Nilifumba macho nikumbuke, nikaona chai. Nikarudi kwenye kundi na kuwaomba njia nyingine yoyote. Yule wa pole ya msiba akaniuliza, "Mzee alikuwa anapiga solo au gitaa la pili?"

"Solo!" nilijibu, na kifua kikanipanda. Hilo ndilo jambo baba alilotulea nalo. Yeye solo, mwenzake anamfuata nyuma.

"Basi angalia vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Mpiga solo wa muziki wa benga anakaa huku, karibu na tumbo la gitaa. Vyuma vya huku vitakuwa vimelika."

Nililishusha ukutani nikapitisha ukucha. Karibu na tumbo la gitaa, vyuma vilikuwa vizima kama vimetoka dukani jana. Kule juu, karibu na kichwa, anakokaa mtu wa gitaa la pili, vilikuwa vimelika mpaka vikawa na mabonde. Basi baba alibeba la mwenzake kweli.

"Jirani, unapapasa hicho kitu kama mkunga," ilisema sauti dirishani. Ni mama wa nyumba ya pili, anayekaanga samaki getini na kusikia kila kitu hadi mwisho wa mtaa. "Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Mwambie limeibwa."

"Nimdanganye shangazi?"

"Basi hama."

"Nihame?"

"Eh, kweli, huwezi. Wewe hata ukienda hapo Mamboleo unaaga watu kama unaenda Ulaya."

Jumamosi sikula. Nilifanya mazoezi ya kusema, "Shangazi, kuna kitu kidogo," mpaka mke wangu akaniambia nikaseme huko chooni.

Jumapili shangazi alifika akiwa ameshikwa mkono na dereva wa bodaboda, akaketi, akapewa soda. Jirani naye akaingia nyuma yake na sahani ya samaki ambao hakuna aliyewaagiza.

"Shangazi, kuna kitu kidogo. Yale maandishi nimeyafuta."

"Maandishi ya nini, na mimi hata soda hii naitafuta kwa mkono? Lete."

Nikamwekea gitaa mapajani. Alilipakata kama mtoto aliyelala. Vidole vyake vikapita tumboni, vikapanda shingoni taratibu, vikapita kwenye yale mabonde. Havikusimama. Vikafika kichwani, kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi, vikagusa kimoja, kingine, kingine. Kwenye kile cha kijani vikaganda. Akakibinya. Akakinusa!

"Mswaki wangu," alisema.

"Nini?"

"Huu ni mpini wa mswaki wangu! Nilikuja kumsalimia mama, asubuhi mswaki hakuna. Kumbe kifunguo kilivunjika, baba yako akaukata, akauyeyusha hapa. Aliniambia ni panya. Nilikuwa nimesahau kabisa." Alikuwa anacheka na machozi yanashuka. "Ndio hawa. Ng'ombe wangu ndio hawa. Pigia wale watoto simu."

Miaka yote nimekipangusa kile kifunguo nikidhani kilitoka hivyo kiwandani.

Mtu mwenye busara angepiga simu na kunyamaza. "Lakini Shangazi," nikasema, "mbona vyuma vya solo havijalika?"

"Solo ya nani?"

"Ya baba."

"Nani alikuambia baba yako alipiga solo?"

"Baba."

Aliweka soda chini kwanza ndipo akacheka. "Solo ilikuwa ya yule mwenzake! Baba yako alishika gitaa la pili mpaka bendi ikafa. Ugomvi wenyewe ulikuwa huo. Aliitaka solo, wakamnyima."

Nilimgeukia jirani, ambaye nimemsimulia solo za baba tangu ahamie hapa, nikitafuta huruma kidogo. Alikuwa anafuta mafuta vidoleni.

"Mimi nilijua," alisema. "Mpiga solo hawezi kuzaa mtu wa kukaa ndani hivi."