Kitasa cha Noah na Komeo la Bibi

Mimi nilishafika mahali ambapo hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niulize. Nimeanza biashara na kuku watatu wa kienyeji nikiwauzia madereva wa malori, shule nimeishia darasa la tano, na leo nina mashine mbili za kukamua alizeti pale Singida mjini na nyumba yenye vigae hadi jikoni. Nimeibiwa, nimedhulumiwa, nimepata na nikapoteza. Ukinikuta asubuhi ukaniambia mashine moja imeungua, nitamaliza chai yangu kwanza.

Kwa hiyo kitasa cha gari langu, Noah, kilipobaki mkononi mwangu, wala sikushtuka. Kilikuwa cha nne. Gari ni la siku nyingi, na lina watoto watano wanaolivuta kama wanakamua ng'ombe. Mlango wangu wa dereva nilikuwa naufungua kwa kuingiza mkono dirishani. Wa mke wangu ulikuwa unafunguka kwa nje tu, basi anakaa kama malkia mpaka nizunguke nimfungulie, na sikumsikia akilalamika. Sasa ulikuwa umebaki ule wa ubavuni, wa kuburuta, nao umekufa ndani na nje siku moja. Siku yenyewe nilikuwa nimempeleka mama yangu Sepuka, kwenye kiwanja cha wazazi wake, na mama alikuwa ameketi kiti cha nyuma na magoti yake mabovu. Jua la saa saba. Kuruka viti hawezi. Fundi wa gereji alishaniambia tangu kitasa cha kwanza nisubiri spea kutoka Dar, nikamjibu kwamba mimi sijawahi kusubiri kitu kutoka Dar.

Nikazunguka gari mara mbili. Nikapiga mlango teke, taratibu, maana ni wangu. Mama akanitazama kupitia kioo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Mwaga maji, baba."

Ndugu yangu, hapo nikashangaa. Nilisimama na kile kitasa mkononi nikihisi masikio yanawaka. Kwa sababu habari ya mlango na maji tuliijua watu wawili tu hapa duniani, mimi na bibi, na bibi tumemzika muda mrefu.

Ngoja nikueleze.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, hapo hapo Sepuka. Wazazi wangu walikuwa mjini kwenye chumba kimoja, baba anabeba zege, sisi tuko sita kwenye mkeka mmoja. Mimi nikaletwa kijijini kupunguza msongamano, na sikutaka kurudi. Nyumba ilikuwa tembe, paa la udongo, ndani baridi hata jua liwe kali namna gani. Alfajiri niliamshwa na jiwe la kusagia, bibi anasaga uwele huku anaimba kwa Kinyaturu, sauti inakwenda na jiwe, inarudi na jiwe. Jioni ugali wa uwele na mlenda, na kama ng'ombe wamekubali, maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nimekula kwenye hoteli kubwa. Ule moshi sijaukuta.

Bibi alikuwa ananiita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Babu naye ananiita mwenzangu, ananiuliza mbele ya wageni mke wetu leo katupikia nini. Lakini utani ulikuwa na mwisho wake. Mimi nilikuwa mtoto wa kuvunja. Mwaka ule nilishavunja kibuyu cha maziwa, mpini wa jembe, na kigoda cha babu, ambacho kilikuwa kigoda cha baba yake. Kwenye kigoda babu hakutania. Alisema kitu kimoja zaidi kikivunjika mkononi mwangu, kesho yake napandishwa lori, narudi kwa baba. Na babu alikuwa hasemi mara mbili.

Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa ubao mmoja mzito. Kwa ndani kulikuwa na komeo la mti, na komeo hilo lilipita kwenye kitanzi cha ngozi kilichofungwa kwenye mhimili. Siku hiyo babu alikwenda mnadani na mbuzi wawili, bibi yuko shamba, mimi nikaning'inia kwenye komeo nikibembea. Kitanzi kikakatika.

Sikulia. Hata wakati huo nilikuwa mtu wa kutafuta njia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa jana yake, imewambwa chini kwa vigingi, bado mbichi, bibi anaitunza iwe ya kulalia. Nikachukua kisu nikakata utepe pembeni, upande wa mguu, pasipoonekana. Nikafunga kitanzi kipya, nikakibana juu ya komeo kwa nguvu zangu zote ili kionekane cha zamani. Nikasukuma, komeo likateleza vizuri. Nikajipongeza. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona fundi.

Wewe uliyekulia na ng'ombe umeshacheka. Ngozi mbichi ikikauka inajikunja. Na upepo wa kwetu kiangazi haukaushi kitu polepole.

Bibi akarudi, akala, akaingia chumbani kupumzika, akafunga komeo kwa sababu ya vumbi. Alipoamka nikasikia ubao unagongwa. Mara moja. Mara ya pili. Halafu akaniita, "Mume wangu." Nikajibu. Akaniuliza kitanzi hiki kimefungwa na nani. Nikamwambia sijui. Akagonga ubao tena. Nikasema ni mimi.

Jua lilikuwa limeshainama upande wa mnadani. Nikamwambia nitaita jirani aje na shoka, akasema shoka litavunja mlango, na mlango ni kitu kimoja zaidi. Nikamwambia akate kitanzi kwa kisu, akasema kisu nimekiacha nje mimi mwenyewe, na hata angekuwa nacho asingekata. Kisha akasema neno ninalolikumbuka mpaka leo: "Kilichofungwa na maji kitafunguliwa na maji. Humu ndani sina hata tone. Nenda."

Kisima chetu kiangazi kilikuwa shimo kwenye mchanga wa mto, ng'ambo ya yale mawe makubwa. Unachota kwa kata, unasubiri maji yapande, unachota tena. Nilikimbia. Nikarudi na kibuyu, nikamwaga kwenye upenyo wa juu ya mlango, maji yakateremka na ubao yakanywewa na ardhi mbele ya miguu yangu. Kitanzi hakikupata kitu. Nikaanza kulia sasa, waziwazi. Bibi akaniambia kutoka ndani kwamba yeye hakuolewa na mtu wa kulia, niende tena, na safari hii nitumie kichwa.

Mara ya pili nikiwa njiani kurudi nilivua shati. Nikalilowesha, nikalisokota, nikalisukuma kwa kijiti kwenye upenyo wa pembeni mpaka nikasikia bibi analivuta kwa ndani. Akalizungushia kitanzi. Akasema bado, lete tena. Nikaenda mara ya tatu. Kwa mbali nilisikia watu wa mnadani wanaanza kurudi, wengine wameshalewa, wanaimba. Bibi akanirudishia shati, nikapitisha maji tena, nikakaa chini nimeegemea ubao, bibi naye akakaa kwa ndani ameegemea ubao huo huo. Akanisimulia jinsi babu alivyomchumbia akiwa na ng'ombe pungufu. Tulicheka wote wawili, kila mtu upande wake.

Halafu nikasikia komeo linateleza.

Babu alikuta bibi yuko jikoni, mimi sina shati. Akaingia, akashika kitanzi kwa vidole viwili, akavitazama vidole. "Mlango huu umenawa uso leo," akasema. Akauliza nani kafunga. Bibi akamjibu huku anasonga ugali, "Mume wangu mdogo. Kimekaza kuliko cha kwako." Babu akakaa. Lori la kesho yake likapita bila mimi. Nikabaki pale miaka minne mingine.

Sasa rudi kwenye Noah. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikatambaa juu ya tairi la akiba mpaka miguuni kwa mama, nikaanza kubandua kava la mlango kwa bisibisi. Nikamuuliza bila kumtazama, habari ya maji alimwambia nani.

"Mama yangu aliniambia wiki ile ile, alipokuja mjini," akasema. "Alicheka mpaka akapaliwa. Mtungi wa chumbani ulikuwa umejaa. Alikuwa ameuchotea alfajiri."

Bisibisi ikasimama.

"Umejaa maji?"

"Mpaka mdomoni. Nikamwambia mama, mbona ulimtesa mtoto? Akasema, ningejifungulia mlango mwenyewe, angejua kuvunja tu."

Niliendelea na kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia vijana wangu wa mashineni kila mwezi kwamba sikufundishwa na mtu, nimejitengeneza mwenyewe. Nikapata waya wa kitasa ndani ya mlango, nikaushika kwa plaizi, nikavuta, mlango ukaburutika. Mama akashuka ananishika bega.

Tembe haikuwepo. Kilichobaki ni tuta la udongo lenye nyasi, na nyumba ya bati ya binamu yangu pembeni, yenye mlango wa chuma na kufuli la dukani. Jiwe la kusagia limelala nje, kuku wananywea maji humo. Ule ubao hakuna anayekumbuka uliko. Nikamuuliza binamu kama kuna mtu bado anawamba ngozi, akaniuliza ya nini.

Spea ya Dar sikuagiza mpaka leo. Jumatatu nilikwenda buchani mjini nikataka ngozi. Muuza nyama akacheka, akasema siku hizi wanazitupa shimoni, hazina mnunuzi, na utepe peke yake hawezi kuniuzia, nibebe yote. Nikabeba. Nikaiwamba uani kwa vigingi, nikaiacha ikauke siku sita kabla sijagusa kisu, watoto wamefunga pua. Nikakata utepe, nikaufunga kwenye ule waya, ukatokeza nje palipokuwa na kitasa. Mama akaja Jumapili. Akauvuta, mlango ukafunguka.

"Ulikausha kwanza?" akauliza.

"Nilikausha, mama."

Ngozi nzima ya ng'ombe dume, ambayo bibi angeilalia miaka kumi, ilinigharimu shilingi elfu moja na mia tano.