Kichwa cha Mshona Kofia

Siku hizi mtu kichwa kikimuuma hukimbilia duka la dawa pale Kona ya Musa akameza vidonge hata kabla hajakaa kitako, lakini mwaka wa 1956, pale Msambweni, kichwa kikikuuma alikuja mtu akakaa nawe mpaka akakijua.

Mtu huyo alikuwa Bi Mbeyu, shangazi yake Chome, mkandaji wa wanawake waliojifungua. Alikuwa mfupi, mzito wa nyonga, na mikono yake haikuacha kunukia mafuta ya nazi. Chuo alichosoma ni cha Kurani tu. Leo angedaiwa cheti kabla ya kumgusa mtu bega.

Chome alikuwa mshona kofia. Mwezi ule alikuwa akimshonea mdogo wake, Suleiman, kofia ya harusi, kwani katika ukoo wao bwana harusi hakuvaa kofia ya kununua. Alishonewa na kaka yake. Zilibaki siku kumi. Na kichwa kilikuwa kimembana pande zote mbili, kutoka kisogoni hadi kwenye paji, kama mzigo wa kuni uliokazwa kamba, kila siku ya Mungu. Akafanya kama walivyofanya wengine: akajifunga leso ya mkewe kichwani, akaikaza kwa kijiti. Maumivu yalipozidi, naye akazidi kukaza. Vidonge vyeupe vya dukani alivitafuna kama karanga. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba aliamini macho yake yanakufa, na kwamba kofia ya Suleiman ndiyo ya mwisho.

Biasha, mkewe, akaenda kumwita shangazi.

“Shikamoo, shangazi,” Chome alimwamkia alipoingia.

“Marahaba. Hicho ni kichwa au ni furushi la safari?”

“Ni leso yangu ya kutokea,” Biasha akadakia. “Siku ya nne leo, mwenzangu ndiye anayejipamba nayo.”

Bi Mbeyu hakumgusa. Alimwuliza kwanza: maumivu yalikuja ghafla, kama radi? Anatapika? Ana homa? Shingo inakataa kuinama? Mkono umelegea? Chome akajibu hapana, moja baada ya jingine.

“Haya. Ungesema ndiyo hata mara moja, tungekuwa njiani kwenda hospitali. Sasa shona.”

“Nishone, shangazi? Kichwa chaniuma.”

“Shona nikuone.”

Akakaa mkekani akipukuchua kunde, kimya, mpaka Chome akasahau kwamba yupo. Karibu na adhuhuri akasema, “Hapo hapo. Usijitikise. Biasha, njoo umtazame mumeo.”

Mabega yalikuwa yamepanda masikioni. Kidevu kilikuwa kifuani. Ukingo wa kofia aliung'ata kwa meno, taya zimekaza kama za paka aliyeiba papa. Na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu tumboni ila kikombe cha strungi, chai kavu isiyo na maziwa.

“Kichwa chako hakina kosa,” alisema Bi Mbeyu. “Shingo na taya ndizo zinazokitwisha mzigo, na wewe umekaza kamba juu yake.”

“Na macho?” Chome aliuliza kwa sauti ndogo.

Shangazi alisogeza kunde kando. Kisha akachomoa uzi kwenye sindano, akampa. “Tunga.”

Akatunga, mara moja tu.

“Kipofu gani huyu?”

Biasha alicheka. Chome hakucheka, aliinama akajifuta uso kwa kofia ya harusi ya watu.

Leso ikafunguliwa. Bi Mbeyu alimwekea kitambaa cha maji moto shingoni, akamkanda mabega na kisogo polepole, kama anayekanda unga wa chapati. Vidonge akaondoka navyo. Amri zake zilikuwa chache: ale asubuhi, kofia aiweke juu ya mto mapajani, asishike kitu kwa meno, na kila mstari ukiisha ainuke aende kisimani akanywe maji.

Siku mbili za kwanza kichwa kiliuma kuliko zamani, na Chome alimlaani shangazi yake kimoyomoyo. Siku ya sita aliamka, akayatafuta maumivu, asiyaone hadi saa tano. Baadaye yalirudi mara moja moja, lakini alikwisha kujua yanaingilia mlango gani.

Kwa safari hizo za kisimani, kofia ilifika harusini ikiwa imepungua mstari mmoja. Suleiman aliivaa upande huo ukiwa nyuma. “Afadhali ipungue kofia,” Bi Mbeyu alinong'ona, “kuliko mshonaji.” Sasa kofia zinakuja zimefungwa katoni, na ukandaji umehamia hotelini Diani, mgeni anakandwa na mtu asiyejua hata jina lake.

Mara ya mwisho Chome kumwona shangazi yake ilikuwa mwaka wa 1959, barabarani, akihamia Mkwiro kwa binti yake. Lori la nazi lilikuwa tayari kuondoka. Dereva, mtu mzima mwenye masharubu, alikuwa akijisugua kisogo. Bi Mbeyu, aliyekaa ubavuni pake, akamwamuru ashuke kwanza. Naye akashuka, akalizunguka lori mara tatu huku akitikisa mabega, abiria wakimzomea, na shangazi amechungulia dirishani akihakikisha kwamba hamdanganyi.

Kisha wakaenda zao.