Chumvi Iliyokataa Kucheza

Habari ilinikuta kwa kinyozi mjini Machakos, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado. Sauti kwenye simu ilisema tu, "Mzee, yule mwenzako wa mahindi ametuacha asubuhi ya leo." Nikainuka, nikatoka, na nilikuwa nimeshavuka barabara kinyozi aliponikimbilia kudai kitambaa chake shingoni mwangu. Ninyi mnaosoma safu hii mnamjua marehemu, kwa maana nimemsema hapa mara nyingi bila kumtaja jina, naye kila mara alinipigia kuniambia nimekosea wapi. Kumwita rafiki angekataa. Kumwita adui ningekuwa mwongo. Tulikuwa wafanyabiashara wawili wa nafaka, yeye Mitaboni, mimi Matuu, tukinyang'anyana wateja tangu tukiwa na nywele nyeusi.

Shule mimi niliichungulia tu mlangoni. Lakini mahindi niliyasoma mpaka mwisho, na sioni haya kusema hivyo. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu mgongoni, leo watu wanabeba yangu. Somo kubwa la kazi yetu ni unyevu. Mahindi mabichi yakiingia stoo huota kuvu, na kuvu hiyo imezika watu huku kwetu Ukambani. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye akili hutembea na chupa ya soda iliyokauka na chumvi kavu. Unatia punje za mahindi, unatia chumvi, unatikisa. Chumvi ikicheza ndani bila kushika kioo, nunua. Ikiganda kwenye kioo, mwambie mwenye mali aanike tena. Stoo zangu zina matundu ya hewa juu, magunia yamelala kwenye mbao, na hakuna gunia linaloruhusiwa kuegemea ukuta. Mfanyakazi akisahau kufungua madirisha asubuhi, sauti yangu inasikika Matuu nzima.

Sasa sikieni habari za nyumba yangu. Nilipojenga nyumba ya mawe, nilitaka nyumba ya mtu aliyefika. Fundi akaacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha, nikayaona kama matobo ya umaskini, na upepo wa Julai uliponipiga usiku wa kwanza, nikayaziba yote kwa saruji. Madirisha nikayafunga kwa sababu ya vumbi, mbu na wezi. Ndani humo tulichemsha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, tangu asubuhi mpaka jioni, tukaoga maji ya moto, na msimu wa mvua tukaanika nguo sebuleni. Ukuta ulipoanza kuwa mweusi nikanunua rangi. Weusi uliporudi nikamgombeza muuza rangi. Uliporudi tena nikatundika kalenda. Mama watoto akaanza kukohoa. Daktari akasema kifua chake kinataka hewa safi, chumba kisiwe na unyevu. Mimi, kwa masikio haya ya mtu aliyefanikiwa, nikasikia kwamba mama hataki baridi. Nikaziba hata tundu la ufunguo.

Mshindani wangu huyo wa Mitaboni alikuwa akinitembelea baada ya misa, na siku zote aliketi karibu na mlango. Nilidhani ni dharau. Jumapili moja tukiwa mezani akachukua kikopo cha chumvi, akakitikisa juu ya chakula. Hakuna kilichotoka. Akakigonga mezani. Hakuna. Akakifungua, akakuta chumvi imekuwa jiwe. Akainuka polepole, akaenda ukutani, akainua kalenda yangu. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria.

"Mutumia," akaniita, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mzee wa heshima, ila kwa sauti yake niliitafuta hiyo heshima nisiione. "Hii stoo yako iko na shida."

"Hii si stoo. Ni sebule."

"Mimi naona stoo, tena mbaya. Mahindi yako unayalaza vizuri kuliko mama wa watu."

Mama watoto akakohoa jikoni, kana kwamba ameitwa kutoa ushahidi.

"Huyo ni kwaya inamkohoza," nikasema. "Anaimba sauti ya juu sana."

"Mimi naimba sauti ya pili!" akajibu kutoka jikoni.

Marehemu akatoa mfukoni chupa yake ya kazi yenye chumvi kavu, akaiweka mezani. "Iweke karibu na kitanda, ikiwa wazi. Kesho muitikise."

Asubuhi mama watoto alitikisa. Chumvi ilikuwa imeshika kioo na haitaki kuachia. Akaniangalia, akaanza kukunja nguo. Binti yetu anakaa Syokimau, kwenye ghorofa yenye madirisha yanayofunguliwa. Nikamwambia nitaleta jiko la makaa chumbani likaushe ukuta. Akaniuliza kama nimechoka kuishi. Mlangoni akageuka: "Chumvi ikicheza, nipigie."

Hakuna kimya kama cha nyumba ambayo mke amehama kwa sababu ya ukuta. Nilichukua nyundo na patasi, nikapanda kwenye meza, nikaanza kubomoa saruji niliyoitia kwa mkono wangu mwenyewe. Mshindani alikuja, akaleta kiti, akakaa uani. Hakunisaidia hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wapita njia: "Mzee anatoboa nyumba. Ilikuwa inamnyonga." Nilifungua madirisha, nikavuta kabati na kitanda mbali na ukuta, nikatengeneza mfereji wa paa uliokuwa ukilowesha msingi, nikasugua kuvu kwa sabuni, nguo nikazipeleka kwenye kamba nje, sufuria nikaifunika. Kila asubuhi nilitikisa chupa. Chumvi ikawa inaganda, kisha ikaganda nusu, na siku moja ikacheza. Nikampigia mama watoto, nikaitikisa chupa kwenye simu.

"Sikia."

"Tikisa tena."

Nikatikisa. Akauliza: "Hujatia mpya?"

"Naapa!"

Alirudi, na kikohozi kikapungua. Nami, kwa vile sijui kufanya jambo kwa kiasi, nikaacha kila kitu wazi hata Septemba, upepo mkavu ukiingia na vumbi lake, mpaka midomo ikatupasuka. Mama watoto akafunga upande wa upepo, akaweka beseni la maji chumbani. "Mahindi ndiyo hukaushwa hivi," akasema. "Ama unataka kunisaga?"

Nimefikiri sana juu ya watu wa rika langu. Nyumba za nyasi za mama zetu zilipumua zenyewe, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kisha tukapata mawe na vioo, tukajifungia ndani na mvuke wetu, tukaita hayo maendeleo. Mali ya kuuza tukaijua hali yake kila siku. Watu wa nyumbani kwetu tukawapakia rangi ukutani.

Siku ya mazishi nilikwenda Mitaboni na ile chupa mfukoni, maana sikuwahi kumrudishia. Mvua ilikuwa ikinyesha. Sebule ilijaa waombolezaji wenye makoti yaliyolowa, chai ikichemka, madirisha yamefungwa na vioo vinatiririka jasho. Nikainuka katikati ya wimbo, chupa mkononi, nikafungua dirisha.

"Wewe mzee, baridi!" akina mama wakanifokea.

Mjane akaitambua chupa ya mumewe. "Mwacheni," akasema. "Huyo ametumwa."

Nilipompa chupa alinirudishia, akakunja vidole vyangu juu yake. Nikatafuta kiti karibu na mlango, pale ambapo marehemu angeketi. Somo langu ni fupi kama shule yangu: kabla hujamsifu marehemu kwa kukuambia ukweli, inua kalenda yako utazame ukuta.