Gurudumu la Upande wa Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa watu wa Kenya (nasema komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), maana wao huisimulia vibaya na kuongeza moshi. Ni kweli: mimi ninayeuza rulma kwenye avenyu ya soko, mimi ambaye hata kanisani naitwa Papa Rulma, gurudumu langu lilichomoka gari likitembea, Jumamosi, karibu na duka langu mwenyewe, na mama mkwe wangu akiwa ndani. Moshi ulikuwepo, lakini si mwingi hivyo.

Kwa asiyejua, rulma ni ile pete ya chuma yenye gololi inayokaa katikati ya gurudumu ili lizunguke bila kusaga, wengine wanaiita beringi. Kila mteja wangu nampa somo bure, atake asitake: inua gurudumu kwa kriki, yaani jeki, lishike juu na chini, litikise, likigonga ujue rulma imelegea, lizungushe, usikilize, likisaga kama kinu cha mahindi fungua, toa grisi ya zamani, weka mpya, na tairi usiiangalie meno tu, iangalie ubavuni, maana tairi iliyokaa miaka juani hupasuka ngozi huku meno yake bado mazima. Somo hilo ninaweza kulitoa nimelala.

Sasa, karavani. Niliinunua kwa Mzungu mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa amemaliza kazi yake upande wa Kinsevere: kijumba cha magurudumu mawili kinachovutwa na gari, kina kitanda, meza ya kukunja na dirisha kila upande. Nilikuwa na mipango nacho (msiniulize ipi). Kikakaa uani kwangu juu ya matofali, kuku wakataga ndani yake, mpaka Nadège, mdogo wa mwisho wa mke wangu Mado, alipopata mchumba.

Mchumba alikuwa Kasereka, kijana mpole wa Kivu Kaskazini, familia ya biashara ya jumla, watu wenye makamio yao, yaani malori. Mahari wangeileta Jumamosi mchana kwenye nyumba ya ukoo, hapo hapo Kenya, na kwetu sisi watu wa Kasai mahari haiguswi kama mama wa binti hajakaa kwenye kiti chake. Mama huyo, Mama Ngalula, anaishi shambani, barabara ya Kinsevere. Kazi ya kumleta nikapewa mimi, mkwe wa kwanza, na siku hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nimewekewa kiti katika safu ya wajomba, ambao miaka yote walikuwa wakisema mimi ni mtu wa maneno mengi. Kiti hicho nilikitaka sana. Mado aliniambia, "Papa Dani, leo tu, usituharibie."

Lazima niwaeleze jambo moja. Kwetu mkwe mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawaitani, na wakiwa na la kuambiana mtu wa tatu anabeba maneno. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Miaka yote ya ndoa yangu Mama Ngalula nimemjua zaidi kwa viatu. Na pikapu yangu ina viti viwili mbele, bega kwa bega, haiwezekani, na nyuma ndiyo usiseme, maana mtu hampakii mama mkwe kama gunia la makala (makaa). Mado akasema tukodi teksi. Mimi nikasema, "Teksi ya nini, na karavani iko?" Mkasa wote umetoka kwenye sentensi hiyo.

Nikafukuza kuku, nikasugua, nikapaka rangi, Mado akashona mapazia ya dantele, yaani lesi, kitanda kikatandikwa kitenge kipya, na mbele nikafunga riboni nyeupe. Kwa fimbo za mapazia peke yake nilibishana na fundi wa mbao mpaka akaacha kupokea simu zangu. Magurudumu niliyaacha asubuhi ya siku yenyewe, na asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimeshavaa kostimu yangu, suti ya rangi ya maziwa, na mtu mwenye kostimu ya rangi ya maziwa hapigi magoti mbele ya grisi.

"Magurudumu umeangalia?" Mado akauliza.

"Nilishaangalia," nikasema.

Nilichokuwa nimefanya ni hiki: kwado, yule fundi wa tairi wa pale kwenye kona, aliyajaza upepo, halafu mimi nikayapiga teke, moja hapa, moja kule, kwa kiatu cha sherehe. Yalistahimili. Lakini sikuwa mjinga kabisa (nataka hili lieleweke), nilikuwa na mpango: nikifika shambani nitaweka kiganja katikati ya kila gurudumu, maana gurudumu likiwa vuguvugu baada ya safari hakuna neno, likikuchoma basi rulma inaumwa. Hilo pia nawafundisha wateja.

Nikafika shambani salama, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye gurudumu la kulia. Vuguvugu, safi kabisa. Nikazunguka kwenda la kushoto, na hapo ndipo nikaona viatu. Mlango wa karavani ile uko kushoto (huko Afrika Kusini wanaendesha upande mwingine wa barabara), na Mama Ngalula alikuwa anaujia mlango na fimbo yake na kitabu chake cha nyimbo. Nikarudi nyuma ya pikapu haraka nikaanza kuangalia mawingu. Nikamsikia akipanda, mlango ukafungwa, kitanda kikalia.

Fikirini sasa. Ili niguse gurudumu la kushoto ingebidi nichuchumae chini ya dirisha alipokaa mama mkwe wangu na kuanza kupapasa. Au nimwinue kwa kriki, yeye na kitanda chake. Angalau angekuwepo mtu wa kubeba maneno ningesema, mwambie mama ashuke kidogo. Palikuwa na mbuzi tu. Nikajiambia la kushoto na la kulia ni ndugu, yamekaa juani pamoja miaka ile ile, huyu akiwa mzima mwenzake atakosaje? Nikawasha gari.

Tulipoingia lami nikaanza kusikia kugonga kutoka karavani, ko, ko, ko, halafu kimya, halafu ko, ko, ko. Mama Ngalula ni kiongozi wa kwaya ya akina mama, kwa hiyo nikajua anaimba na kupiga mdundo kwa fimbo, na nikafurahi moyoni, nikasema leo mama mkwe wangu amesafiri vizuri. Nikamjibu kwa honi mara mbili, kwa heshima. Akagonga kwa nguvu zaidi. Nikapiga honi ndefu zaidi, nikaongeza na mwendo kidogo ili wimbo uchangamke. Baadaye ikaja harufu ya kitu kinachoungua, nikawalaumu wachoma makala. Tulipoingia Kenya watu wa kando ya avenyu wakaanza kutunyooshea vidole na kupunga mikono yote miwili. Nami nikawapungia, nikijua ni yale mapazia.

Halafu pikapu ikavutwa kama imeshikwa shati kwa nyuma, kukawa na kishindo na mlio wa chuma juu ya lami, na upande wangu wa kushoto gurudumu likanipita, peke yake, bila haraka. Likaenda moja kwa moja mpaka kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya Ziwa Mweru, likaegemea meza yake kama mteja. Yule mama akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Papa," akasema, "kitu yako iko hapa."

Nikashuka. Karavani ilikuwa imelalia upande wa kushoto, mlango umebanwa na lami, na chini yake grisi inatoa moshi. Watu walishajaa, soko la Jumamosi halihitaji kuitwa. Nikamsikia mmoja anasema, "Uyu si njo Papa Rulma?" na mwingine akamjibu, "Basi rulma yake njo ilikufa." Hayo ningeyavumilia. Lakini ndani Mama Ngalula akakohoa, tena akakohoa, na hapo niliogopa, nawaambieni kweli. Leo tunacheka. Saa ile nilifungua kifungo cha koti, nikakifunga, nikakifungua tena.

Lakini kumwita siwezi. Nikasimama mita mbili kutoka dirisha la kulia, lile lililobaki juu, nimeligeuzia mgongo, nikamwambia mama wa samaki, "Mama, unisaidie, umuambie mama mwenye iko ndani, mulango inakatala, atoke kwa dirisha."

Mama wa samaki akaangalia dirisha, akaniangalia, akaelewa (asante Mungu, alijua mambo ya ukwe). "Mama, anasema mulango inakatala, utoke kwa dirisha."

Sauti ikatoka ndani, tulivu. "Umuambie minasikia. Mi si kiziwi."

"Mama anasema anasikia. Haiko kiziwi."

"Umuambie tena, kitu ilikuwa inalia chini ya kitanda tangu kwa lami. Nilimugongea. Yeye ananipigia honi."

"Mama anasema alikugongea. Ukamupigia honi."

Avenyu nzima ikacheka, hata wale wa pikipiki walizima injini ili wasikie vizuri. Mama wa samaki mwenyewe akashindwa kuvumilia, akauliza, "Lakini mama, juu ya nini haukumuita?"

"Mi niite jina ya mukwe wangu?" sauti ikajibu. "Katika njia? Bantu banasikia?"

Hakuna aliyecheka hapo. Wakubwa wakatikisa vichwa, wakaona ana haki. Wanaume wawili wakajitolea kumteremsha. Akakataa, akasema hakuna mwanaume wa njiani atakayemshika. Mimi kumshika ndiyo kabisa hapana. Dirisha lilikuwa juu, ngazi haikuwepo, moshi unaingia, na mahari iko njiani. Basi nikafanya kilichobaki. Nikaenda chini ya dirisha, nikafumba macho, nikapiga magoti na mikono juu ya lami nikawa meza, na kostimu yangu ya rangi ya maziwa. Mama wa samaki akampa mkono, na mguu wa kwanza wa Mama Ngalula ukafika mgongoni kwangu. Mama Ngalula si mtu mdogo.

Ndipo honi zikasikika, honi nyingi, za furaha. Ilikuwa msafara wa wakwe, kamio la kwanza lina maua mbele, na nyuma yake mbuzi, magunia na vitenge. Wakasimama, maana karavani yangu ilikuwa imeziba njia. Mjomba wa Kasereka, Mzee Paluku, akashuka polepole, akatutazama: mkwe wa kwanza chini kwa mikono na magoti, mama wa bibi harusi dirishani, mguu mmoja juu yake, umati umenyamaza kwa heshima.

"Kumbe ni hapa munapokelea wageni," akasema. Kisha akamgeukia Kasereka. "Kila watu na desturi yao. Fanya kama mukwe mwenzako."

Ningesema kitu, lakini kifua kilikuwa kimebanwa. Nikasikia kostimu mpya ikikunjwa, na Kasereka akapiga magoti pembeni yangu, mikono chini.

"Kaka," akaninong'oneza, "tunakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka mama afike chini," nikasema.

Mguu wa pili ukatua kwake. Akashuka hivyo, taratibu, juu ya wakwe zake wawili, na avenyu ikapiga makofi.

Kwa hiyo mama wa binti alifika pamoja na mahari ya binti yake, kwenye kamio la waoaji, yeye na mama wa samaki katika kabini. Mimi nilifika kwa miguu nikilisukuma gurudumu, maana Kenya gurudumu haliachwi peke yake. Mado alikuwa langoni mwa nyumba ya ukoo. Akatazama gurudumu, akatazama alama ya kiatu mgongoni kwangu, akageuka akaingia ndani, na hilo liliniuma kuliko magoti. Wajomba walishaanza kukisogeza kiti changu kwa nyuma, upande wa masufuria. Nikaenda kukaa huko huko.

Kabla mbuzi hawajateremshwa, Mado akaja kwangu akiwa amebeba maneno. Alikuwa anajikaza asicheke. "Mama anasema urudi kwa kiti yako, pale kwa banjomba. Anasema gurudumu yako ilikatala, lakini mugongo yako ilikamata." Halafu akaongeza, "Na anasema mbuzi ya haya utaleta vilevile." Mbuzi nikampeleka wiki iliyofuata, mnono, kama desturi inavyotaka mkwe akishagusana na mama mkwe, hata kama ni kwa mgongo. Kasereka naye akapeleka wake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba kule kupiga magoti barabarani hakukuwa desturi, na nasikia huko kwao anawasimulia jinsi Wakasai wanavyopokea wakwe.

Nilipofungua lile gurudumu nilikuta grisi imekauka kama udongo, gololi zimesagika, na tairi imepasuka ubavuni kote. Kriki ingenionyesha hayo kabla chai haijapoa. Nimeapa kiatu cha sherehe hakitakaribia tena tairi yoyote, na dukani somo langu nimelifupisha, maana siku hizi nikilianza wateja wanapiga honi kwa mdomo.

Karavani nimeshaitengeneza, rulma mpya, tairi mpya, na Mama Ngalula bado anaipanda kwenda kwaya. Lakini kabla sijawasha gari anasimama mbali, mgongo umenielekea, anawauliza kuku wake, "Magurudumu iliangaliwa?"

Nami nawajibu kuku hao hao, "Mumuambie iliangaliwa. Yote mbili."