Plagi ikiwa ya moto

Fundi wetu wa pikipiki hapa Pito hapimi plagi baridi. Mteja akifika, fundi hugusa injini kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto, kisha husema kwa sauti yake ndogo, "Zunguka nayo kwanza, ichemke." Plagi ya moto huichomoa kwa kipande cha sweta kuukuu, na haiweki kamwe kwenye saruji yenye baridi. Huilaza kwenye majivu ya vuguvugu.

Juzi alikuja nesi wa zahanati. Pikipiki yake ya kupeleka chanjo ilikuwa ikizimika kila akipanda mlima, na mafundi wawili walikwisha kusema plagi ni nzima. Fundi wetu akamtuma apande mpaka izime, ateremke nayo hivyo hivyo. Akaichomoa plagi, akairudishia waya wake, akaigusisha na injini, akapiga kiki. Cheche ikachomoza ubavuni, kwenye kauri nyeupe, penye ufa kama unywele. Tukasubiri ipoe. Ufa haukuonekana tena, na alipopiga kiki tena, cheche ikarudi nchani, mahali pake.

"Mbona sasa ni nzima?" nesi akauliza.

"Dada, mgonjwa wako homa ikishuka, unamwambia amepona?"

Nesi akaiomba ile plagi mbovu akawaonyeshe wenzake zahanatini.