Barua Niliyomsomea Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nainamisha macho.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi. Nyuma yao zikaja televisheni na mashine za michezo ya video. Mdogo wangu Minza alikuwa amemaliza kidato cha sita, anafundisha hesabu Malampaka. Wenzake walicheza, yeye aliuliza picha inajuaje kugeuka mara tu kidole kinapobonyeza. Alichora ng'ombe wa baba, hata yule mwekundu aliyechechemea, kwenye pembe za daftari, ukurasa kwa ukurasa; akifyatua kurasa kwa kidole gumba, ng'ombe wanatembea. Mwisho akaandika barua ng'ambo, kuomba chuo akasomee picha za kompyuta.

Majibu yalikuja kwa anuani ya baba. Baba hakujua kusoma. Barua zote za nyumbani nilisoma mimi, niliyeishia kidato cha nne. Ilisema amekubaliwa, masomo watamlipia, ajibu tu kwamba anakuja.

"Wanasemaje?" baba akauliza, akinitazama midomo.

"Wamemkataa, baba."

Nilijiambia namwepusha na aibu ya kwenda mbali kusomea michezo. Sivyo. Ulikuwa wivu. Sikutaka mdogo wangu, tena msichana, anipite. Barua niliitia motoni jikoni, na mama akanishukuru kwa kuchochea moto wa chai.

Minza hakulalamika. Mwaka uliofuata aliandika tena, ila kwa anuani ya shuleni kwake. Jibu alikuja nalo nyumbani, akaliweka mbele yangu tukiwa tunakula.

"Kaka, msomee baba. Leo soma yaliyoandikwa."

Nikasoma: mwaka jana tulikukubali, tukasubiri, hukujibu, nafasi yako bado ipo. 

Baba hakufoka. "Nilikupeleka shule uwe macho yangu," alisema, akanawa mikono, akaenda kwa ng'ombe wake. Tangu siku hiyo mpaka anafariki, barua zake alimpelekea jirani.

Leo Minza anafundisha chuo kikuu. Vijana wanajifunza kwake kutengeneza michezo ya kompyuta. Likizo iliyopita alinifungulia kwenye kompyuta somo la kwanza analowafundisha. Kundi la ng'ombe, vumbi likitimka miguuni.

"Huyu mwekundu anachechemea," nikasema.

"Si ndiye yule wa baba! Bonyeza basi, kaka, hapigi teke."

Nikabonyeza. Ng'ombe akageuza kichwa papo hapo, akanitazama. Minza akacheka. Mimi sikuweza.

Mwanangu, anayekupa barua yake umsomee amekukabidhi macho yake. Msomee yaliyomo, hata kama yanakuuma wewe. Na wivu ukikujia, uite wivu; mimi niliuita busara, nikampotezea dada yangu mwaka mzima, na baba nikampoteza akiwa bado hai.

Mungu akulindie ulimi, akupe ndugu wa kukusamehe kama Minza alivyonisamehe, na akujalie usimhitaji kwa sababu kama yangu.